Hotuba ya Punda Bandarini Rubona

Vijana wangu mnaosomea mambo ya mawasiliano pale chuoni, mkija barazani kwangu swali lenu la kwanza huwa ni lile lile: mtu akisimama mbele ya watu, mikono aiweke wapi? Hamniulizi aseme nini. Mnauliza mikono. Basi tulimalize hilo kwanza: shika kitu. Mimi nilishika kofia miaka yote ya kazi. Kofia ikikosekana, azima ya jirani.

Kazi yangu ilikuwa kutangaza. Bandarini Rubona niliita majina ya abiria na kuwaambia kwamba meli ya Bukavu imechelewa. Sokoni nilitangaza mbuzi waliopotea. Harusini mimi ndiye niliyewaambia watu wakae, wasimame, wale, na wengine waende nyumbani kwao. Siku moja nilimsifu baba wa bwana harusi kwa robo saa nzima, nikataja ukarimu wake, subira yake na jinsi alivyowalea watoto, huku watu wakitazama chini. Mwishowe mtu akanivuta koti. Mzee niliyekuwa namwonyesha kwa mkono hakuwa baba wa mtu yeyote pale, alikuwa dereva wa lori lililowaleta. Na alikuwa analia, maana hakuna aliyewahi kumsifu maishani mwake. Ningefanya nini? Nilimalizia sifa zake vizuri, nikamshukuru, ndipo nikahamia kwa baba mwenyewe. Ukipotea njia katikati ya maneno usigeuke ghafla kama gari lililokatika breki. Fika mahali kwanza, kisha urudi.

Mtaniona naandika Kiswahili cha vitabuni. Kazi ndiyo iliyonifundisha. Nyumbani Gisenyi tunasema kivyetu, na donc na bon za Kifaransa badala ya basi na haya, na watu wa habari hii nitawaacha waseme walivyosema.

Lakini kusema sikuzaliwa nako. Nilikusomea, kama nyinyi. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, na mimi nilikuwa kijana wa cherehani katika duka la mjomba wangu Sudi, mtaa wa Waislamu. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno. Mteja akiuliza suruali yake itakuwa tayari lini, nilimjibu, naye akauliza tena, nikamjibu tena, akaondoka amekasirika akidhani nimemnunia.

"We Ramazani," mjomba akaniambia siku moja, "unasema na kola ya shati yako. Mutu wa duka bila sauti ni sawa na cherehani bila sindano. Nitakutafutia dawa, na kama dawa haiko, nitamuweka Hamisi hapa mbele, we utakaa kule nyuma na vifungo."

Hamisi alikuwa binamu yangu, mwenye sauti na asiyejua hata kushona pindo. Kwa hiyo mjomba aliponiambia kwamba kuna kozi ya watu wazima, kila Jumamosi mchana, ya kujifunza kusema mbele ya watu, nilikubali kabla hajamaliza.

Tulisomea katika chumba cha bati nyuma ya ukumbi wa mji, ambamo siku nyingine akina mama walifundishwa kufuma. Mwalimu wetu aliitwa Anastazi. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo kama ya korongo. Zamani alikuwa seminarini, akarudishwa. Mwenyewe alisema ni kwa sababu ya mapafu. Wengine walisema ni kwa sababu alipoombwa abariki chakula, chakula kilipoa. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa cha kufundisha ufasaha, kilicholiwa na mchwa jalada na kurasa kadhaa, na kozi yote ilitoka humo.

"Kifua kwanza," alisema. "Maneno yatafuata yenyewe."

Alitulaza chini kwenye sakafu, akatuwekea vifuko vya maharage juu ya tumbo, tukavipandisha na kuvishusha kwa pumzi. Wakati mwingine alitupeleka kwenye mchanga kando ya ziwa, tukasimama mstari mmoja tukiliitia ziwa "Aaaa" mpaka pumzi iishe. Jumamosi ya kwanza tulipofanya hivyo, wavuvi waliokuwa mbali waliacha nyavu, wakapiga makasia kuja kuokoa watu wanaozama. Walitukuta tumesimama tumevaa vizuri, miguu mikavu. Mvuvi mkubwa wao alimtazama mwalimu kwa muda.

"Donc hakuna mwenye kufa?" akauliza.

"Tunafanya mazoezi ya sauti," akasema Mwalimu Anastazi.

"Bon. Siku mutakufa kweli, muite wengine."

Wakageuza mitumbwi. Somo hilo nilichelewa kulishika, lakini tangu nianze kazi sikuwahi kupaza sauti mbele ya watu bila kuwaambia kwanza kwa nini naipaza. Liandikeni hilo.

Katika wanafunzi wenzangu namkumbuka zaidi Mama Veneranda, muuza samaki wa Rubona. Yeye alikuja na ugonjwa wa kinyume. Sauti yake ilikuwa kubwa mno. Akimnong'oneza jirani kanisani, padri alijibu. Alitaka afundishwe kuipunguza. Mwalimu alipomsikia mara ya kwanza alikaa chini, akafunga kitabu, akamwuliza kama angependa kumsaidia kufundisha.

Basi ukafika wakati wa mtihani. Mwalimu alisema hatutasimama mbele ya wenzetu tuliokwisha kuzoeana, tutasimama mbele ya watu wa kweli, bandarini Rubona, siku watu wanapoingoja meli. Mada zingetoka kitabuni. Kila mmoja alifumba macho, mwalimu akafunua kitabu, naye akaweka kidole. Mama Veneranda aliangukia theluji. Kidole changu kikaangukia punda: "Punda, Rafiki wa Mwanadamu".

Enyi mnaozungukwa na picha siku hizi, hamwezi kujua taabu hiyo. Gisenyi yote hakuna aliyekuwa amemwona punda. Picha iliyokuwa kitabuni mchwa walikuwa wameila kuanzia shingo kwenda juu, ikabaki miguu minne, tumbo na mkia. Nilimwuliza mjomba Sudi, akaniambia Mtume alimpanda punda, na kwamba nyama yake hailiwi. Nilimwuliza Mama Veneranda, akasema Yesu aliingia naye Yerusalemu. Nilimwuliza mwalimu, akasema ni mnyama mwenye subira. Kichwa chake hakuna aliyekijua. Nikatafakari mwenyewe: mnyama wa ukubwa huo, mwenye miguu minne na kwato, bila shaka ana pembe. Nikampa pembe. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikampa na maziwa mengi.

Mjomba, kwa fahari, alinishonea koti. Alikuwa na kipande cha kaki kilichobaki baada ya kushona sare za wajumbe wa ofisi ya teritwari, yaani ya serikali ya Wabelgiji pale mjini, akakitumia chote, na vifungo vyake vya shaba. Nilijitazama katika kioo cha duka nikaona mtu mwingine, mwenye cheo.

Jambo la mwisho mnalopaswa kulijua ni kanuni za mwalimu. Kila hotuba, alisema, ianze kwa maneno yanayoamsha: "Watu wa nchi hii, siku imefika." Na kila hotuba imalizike kwa wajibu: "Kila nyumba na itimize yake." Katikati ungeweza kuweka chochote.

Siku ile gati ilijaa. Meli ilikuwa imechelewa kama kawaida yake. Kulikuwa na wasafiri na mizigo, wachuuzi wa samaki, na wakulima walioteremka kutoka Kanzenze na viazi vyao. Mama Veneranda alikuwa wa kwanza kupanda juu ya sanduku la mizigo.

"Siku imefika," akasema, na ndege wakaruka majini. "Theluji iko kama chumvi, lakini inaanguka kutoka juu. Samaki haitaki theluji. Mi pia siitaki. Kila nyumba itimize yake. Nimemaliza."

Watu walicheka, wakampigia makofi, akarudi kwenye kapu lake. Hakuna lililotokea, maana kila mtu pale alimjua Mama Veneranda.

Mimi walikuwa hawanijui. Walichoona ni kaki na vifungo. Nikapanda, nikashika kofia, nikajaza kifua kama nilivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikasikia sauti yangu ikienda mbali na kurudi kutoka kwenye mwamba.

"Watu wa nchi hii, siku imefika. Punda!"

Kimya kikashuka. Nikaendelea. Niliwaeleza kwamba punda hubeba mzigo ambao wake zetu wanaubeba kichwani. Punda haombi sabuni wala nguo. Ana nguvu, ana subira, ana pembe, ana maziwa. Nchi zilizoendelea zote ziliendelea juu ya mgongo wa punda. Wale wa nyuma, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha soko tu, waliwauliza wa mbele, na wa mbele wakawageuzia katika Kinyarwanda: indogobe, ile ya kwenye Injili. Nilimwona mzee mmoja akivua kofia. Nilipofika mwisho nikanyoosha mkono juu ya umati wote: "Kila nyumba na itimize yake."

Hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilidhani ni mshangao wa ufasaha. Vijana wangu, mkiona watu wamenyamaza kabisa, msifurahi haraka. Watu wanaosikiliza kwa raha hukohoa, hujikuna, humwambia mtoto aache. Watu wanaonyamaza kabisa wanahesabu yatakayowapata.

Mwalimu Anastazi alikuwa anafuta machozi. Alinipa alama za juu kuliko wote, na tukarudi mjini tukiwa tumeshikana mikono.

Jumatatu asubuhi mteja wa kwanza alimwuliza mjomba kama ni kweli kila nyumba itapewa punda mmoja, au ni kila nyumba itanunua. Wa pili alikuwa amesikia kwamba watakuja na meli. Wa tatu alijua hata rangi yao. Kufikia mchana wazee wa msikitini walikuwa wamekaa kujadili kama maziwa ya punda mwenye pembe yana hukumu tofauti. Upande wa parokia, Mama Veneranda alinieleza, akina mama walikuwa wamekubaliana kukata matawi ya mitende, na kwa kuwa mitende haikutosha wangetumia ya migomba.

"Na we hukuwaambia kama ilikuwa mtihani?" nikamwuliza.

"Nilisema," akajibu, na mtaa wote ukasikia. "Wananiuliza kama ilikuwa mtihani, mbona ulivaa vifungo."

Siku ya pili yake aliingia dukani mtu mfupi mwenye miguu yenye udongo, fimbo mkononi. Alisema anaitwa Sebuhoro, ametoka Kanzenze, na anamtafuta bwana wa punda. Mjomba alinionyesha kwa mkasi, akarudi kwenye kazi yake.

"Bwana," akasema Sebuhoro, "nilikuwa Rubona. Nilisikia. Nimekuja kuuliza: inakula nini? Na inalala na ng'ombe, ao peke yake?"

Nikamwambia mambo hayakuwa hivyo. Nikamwambia hakuna punda atakayekuja, kwamba nilikuwa najifunza kusema, na punda alikuwa kitu cha kusemea tu. Alinisikiliza akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelewa kwamba hamko peke yenu chumbani.

"Minaelewa," akasema kwa sauti ya chini. "Haifai kusema mbele ya watu. Lakini mi, bwana, unisikie. Serikali ilileta muhogo, sikupanda, nikapata taabu. Ikaleta kahawa, nikachelewa, nikapata taabu. Sasa ni punda. Safari hii minataka nikuwe wa kwanza. Nimeng'oa maharage yangu pale karibu na nyumba, nimeanza kujenga."

"Umeng'oa maharage?"

"Yalikuwa bado kidogo kidogo. Uniambie tu mulango. Na zile pembe, itapita?"

Sauti yangu ilikuwa imerudi kwenye kola. Akaniaga kwa mikono miwili, akaenda, naamini, akiwa na uhakika kwamba nimemkonyeza.

Nilimkimbilia Mwalimu Anastazi. Tulikubaliana kwamba jambo lililoharibiwa kwa hotuba litatengenezwa kwa hotuba. Siku ya soko tulikwenda wote wawili, nikapanda juu ya meza ya muuza vitambaa, na kwa kuwa sikujua njia nyingine nikatumia ile niliyofundishwa.

"Watu wa nchi hii, siku imefika ya kusema ukweli. Punda hakuna!"

Ilitoka vizuri sana, kifuani kabisa. Soko likatulia. Kisha mwanamke mmoja kizee, aliyekuwa na mafungu ya dagaa mbele yake, akauliza:

"Zimekwisha?"

"Hazikuwako," nikasema.

"Kwa nani hazikuwako?" akauliza mtu mwingine. "Kwa sisi, ao kwa wote?"

"Goma wamepata," akasema wa tatu, kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia, akionyesha kidole ng'ambo ya mpaka. "Mi nilisikia. Zilipita usiku."

Kuanzia hapo sikuhitajika tena. Watu waliokuwa wakiogopa punda kwa siku zote zile, sasa walikuwa wameibiwa punda. Nilishuka mezani nikaona migongo yao ikipanda kuelekea ofisi ya teritwari, na yule bibi wa dagaa akiwa mbele, akisema kwamba yeye hakutaka mkubwa, alitaka mdogo tu. Mwalimu alikuwa amekuwa mweupe midomo. "Ramazani," akaniambia, "tunaweza kukimbilia Goma, ao tunaweza kuwafuata." Tukawafuata. Mpaka leo sijui ni kwa ushujaa au ni kwa sababu njia ya Goma ilikuwa imejaa watu.

Bwana mkubwa wa teritwari alikuwa Mbelgiji mnene, mwenye masharubu, aliyejua Kiswahili cha kuamuru. Alitoka barazani, akaona umati, akauliza wanataka nini. Alijibiwa na sauti nyingi kwamba wanataka punda zao. Akamgeukia plantoni wake, mjumbe wa ofisi ambaye pia alikuwa mkalimani, akidhani hakusikia sawasawa. Plantoni akamwambia kwa Kifaransa. Akaomba aambiwe tena.

"Nani alisema punda?" akauliza.

Umati ulifunguka kama kitambaa kinapopasuliwa, na mwisho wa mpasuko nilikuwa mimi, na koti langu la kaki.

Siku hizo kuwachochea watu kukusanyika mbele ya ofisi halikuwa jambo la kuchekesha. Watu walifungwa kwa kidogo kuliko hicho. Nilijua mjomba angelazimika kuja kueleza kitambaa kile kilitoka wapi. Ndipo Mwalimu Anastazi akapita mbele yangu. Nilingoja kifua. Badala yake ikatoka sauti nyembamba, ya mtu ambaye mapafu yake kweli yalikuwa mabovu.

"Ni mimi, bwana. Huyu ni mwanafunzi wangu. Ilikuwa mtihani."

"Mtihani ya nini?"

"Ya kusema."

Bwana mkubwa alimtazama, akanitazama, akawatazama watu. Akaingia ofisini, akaketi, akatuita. Watu wakajipanga madirishani.

"Basi," akasema. "Aseme."

Nikaisema hotuba yote upya, mbele ya meza yake, nikiwa nimeshika kofia kwa nguvu hata ikapoteza umbo. Sikuthubutu kuruka neno. Siku imefika, mzigo, sabuni, subira. Nilipofika kwenye pembe akainua mkono.

"Pembe? Hapana pembe." Akasimama. "Masikio. Masikio murefu. Hivi." Akaweka viganja vyake viwili juu ya kichwa, vimesimama, akavitikisa kidogo. Madirishani watu wote walimwona bwana mkubwa wa teritwari akiwa na masikio, na hakuna aliyecheka.

Labda ni masikio yale yaliyomkumbusha. Alibaki amesimama, mikono ikateremka, akaanza kusema Kifaransa taratibu, bila kumtazama mtu. Plantoni, kwa mazoea ya kazi, akageukia dirisha na kuwafasiria watu.

"Anasema kwao kijijini, babu yake alikuwa na punda moja. Jina yake Babeti. Ilikuwa inapeleka maziwa kwa nyumba za watu, na yeye, wakati alikuwa mutoto, alikuwa anapanda juu." Akasikiliza. "Anasema walimupeleka shule ya mbali. Babeti ikakufa. Hawakumwambia." Akasikiliza tena. "Alirudi likizo, akakuta kamba."

Kimya kilichofuata hakikuwa kama kile cha Rubona. Watu walikohoa. Mtoto aliambiwa aache.

"Kumbe na yeye hana," akasema bibi wa dagaa.

Neno hilo lilizunguka nje ya madirisha, likaenda mpaka wa nyuma. Na yeye hana. Kisha bibi akaingia, bila kubisha hodi, akampa bwana mkubwa mikono miwili kama inavyofanywa kwenye nyumba yenye msiba, akamwambia, "Mwihangane, bwana." Nyuma yake akaingia mwingine, na mwingine. Walipita wote, soko zima, mmoja mmoja, wakimpa pole ya punda aliyekufa Ulaya tangu enzi za utoto wake, na yeye, ambaye hakuelewa kabisa kinachotokea, alishika kila mkono. Mimi na mwalimu tulikuwa wa mwisho. Tulimpa pole pia, ingekuwa aibu kutompa. Alituambia kozi iendelee, ila mambo ya wanyama basi.

Nyote mnajua nilivyopata kazi: mkubwa wa gati alikuwa amenisikia siku ile ya mtihani, akasema anahitaji mtu ambaye akisema meli imechelewa, watu waamini. Nilianza mwezi uliofuata. Koti la kaki mjomba alilifumua akashona mifuko ya vitambaa.

Lakini kabla ya kuanza kazi kulikuwa na jambo moja, nalo lilininyima usingizi. Miongoni mwa wote waliopita kumpa pole bwana mkubwa, sikumwona Sebuhoro. Nikapata lori la viazi linalorudi tupu, nikapanda Kanzenze nikiwa nimevaa shati la kawaida.

Nilimkuta kazini, ndiyo maana hakuja mjini. Palipokuwa na maharage palikuwa na nyumba ya miti, kuta zimekandikwa udongo vizuri, mlango mpana na mrefu kupita kiasi, kwa ajili ya pembe. Ilibaki paa. Alifurahi kuniona. Alinitembeza: hapa atalala, hapa atakula, hapa maji. Majirani wawili walitufuata wakisikiliza maelezo ambayo nadhani walikwisha kuyasikia. Mkewe alituletea maziwa, akaniangalia sana, akaenda zake.

Tuliketi juu ya gogo. Sikuwa na kofia. Mikono yangu niliiacha juu ya magoti. Sikusema siku imefika.

"Mzee Sebuhoro," nikamwambia, "punda haiko. Haikuwako, na haitakuja. Mi sikutumwa na serikali. Mi ni fundi wa cherehani wa kwa Sudi. Nilikuwa naogopa kusema mbele ya watu, nikapewa neno la kusema, nikalisema. Yale maharage, yamekufa kwa sababu yangu. Nimekuja kukuambia."

Nilisema nikisita, nikarudia maneno, na mahali pengine sauti ilikwama. Alichora chini kwa fimbo. Majirani waliondoka polepole, kwa adabu.

"Siku ile Rubona," akasema hatimaye, "ulisema muzuri kuliko leo."

"Ndiyo."

"Muzuri sana. Nilirudi nyumbani sijasikia njaa." Akaendelea kuchora. "Lakini siku ile sikusikia kitu. Leo nimesikia."

Nikangoja anitukane, na nilikuwa tayari. Badala yake aliinuka akatazama kule volkano, ambako mawingu yalikuwa yameanza kuteremka na kufunika mashamba ya juu. Akapima kwa macho kuta zake, na lundo la nyasi za kuezekea ambalo alikuwa amelikata na kulibeba mwenyewe.

"Nyumba bila paa mvua itaiangusha," akasema. "Unajua kupanda juu?"

"Sijui."

"Donc utashika chini."

Akapanda yeye. Nikampa fito, kisha nyasi, fungu kwa fungu, naye alikuwa akiniambia, kulia, kushoto, ongeza, na mimi nikiitika tu. Mkewe alikuja kusaidia bila kuulizwa, na baadaye majirani wale wawili pia wakarudi. Tulipomaliza matone ya kwanza yalikuwa yameanza, tukaingia ndani wote watano kupitia mlango ule mpana, bila hata mmoja wetu kuinama.